Lalamiko la Mkono wa Mboje

Njia ya Kasoli, Bariadi
14 Januari 2024

Baba Lucy,

Mwangaluka. Sisi ni wazima, ila mayu, mama yako, bado anakohoa, na usiku anakutaja kwa jina lako la utoto. Barua hii naipeleka dukani kwa Hanif, aikabidhi kwa basi. Simu yako huko porini ni kama jiwe, nimechoka kuipigia.

Nina jambo la kukueleza, nalo ni zito kidogo. Wiki iliyopita walikuja wageni ofisi ya kata. Wazungu wawili pamoja na maofisa wa serikali kutoka Dodoma, na binti wa kutafsiri anaitwa Joyness, Msukuma kabisa, wa Maswa. Wanasema serikali yetu iliweka sahihi huko nje kwamba mtu akikamatwa asiteswe, na wao wametumwa kuisaidia itimize ilichosaini. Siku mbili waliwafundisha sungusungu wa kitongoji chetu. Mtu akikamatwa aandikwe kwenye daftari, nani kamkamata, saa ngapi, na afikishwe polisi siku hiyohiyo. Kamanda wao Salu alikaa mbele akajibu maswali kuliko mwalimu mwenyewe. Amepewa cheti na daftari jipya lenye jalada gumu. Salu huyohuyo ambaye Oktoba alimfunga mdogo wako Mboje kwa kamba ya katani, siku mbili ndani ya ghala la pamba, kwa sababu ya ng'ombe ambaye baadaye alikutwa Dutwa anakula zake majani.

Siku ya tatu wakatuita wanawake, mmoja mmoja, chumba cha nyuma. Joyness akaniambia jina langu halitaandikwa. Mimi nilikuwa nimepanga kusema sijui kitu. Nikaanza hivyo, sijui kitu, mara nikajikuta nimesema yote. Kwamba vidole vya mkono wa kulia wa Mboje vimekauka kama mizizi ya muhogo, hashiki jembe, hafungi hata kifungo cha shati. Wameliandika kama lalamiko. Wanasema Salu ataitwa kujieleza, na Mboje atapelekwa Mwanza kwa daktari wa mishipa kabla mkono haujafa kabisa.

Sijamwambia mtu ila Mboje, mayu, na sasa wewe. Je, nimekosea?

Pamba imeota vizuri lakini majani yanaishinda. Ekari tatu siziwezi peke yangu. Waandikie kikundi cha kulima waje wapalilie. Unajua desturi: aliye mbali huomba jembe kwa barua yake mwenyewe, si kwa kinywa cha mkewe, na barua husomwa shambani mbele ya wote.

Mektilda

—

Kambi ya barabara, Inyonga, Katavi
2 Februari 2024

Mama Lucy,

Barua nimeipata kwa dereva wa bowza la maji. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja.

Hujakosea. Mimi niliishia darasa la tano na sijui mambo ya mikataba ya nje, lakini najua mtu akifungwa kama mbuzi lazima mtu aseme. Mimi ningesema ningekuwepo. Wewe umesema mimi nikiwa sipo. Nimejisikia mwanaume kwa sababu yako, sijui kama unanielewa.

Huku tunavunja mawe na kutandika kalavati. Mgongo wangu si wa miaka thelathini na tisa tena. Watu wa haki walikuja na kwetu, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ile tuligawiwa kofia ngumu na viatu, tukapigwa picha, tukaambiwa mfanyakazi ana haki ya kupumzika. Gari lao lilipopinda kona tu, msimamizi akapita na gunia anakusanya kofia. Mnyamwezi mmoja akamwambia, "Bosi, na zile haki tuziweke humohumo?" Tulicheka hadi machozi. Yeye akahamishiwa kwenye kokoto. Lakini hao wenu naona ni wa kweli, maana wameandika.

Kikundi nimewaandikia leo hiihii, barua inakwenda na basi hilohilo kwa Anatoli katibu. Nimewasalimia wote mmoja mmoja. Wataona kwamba nyumba ya Luhaga haijalala.

Mpe mayu asali na ndimu. Mwambie Mboje avumilie, Mwanza si mbali.

Luhaga

—

Njia ya Kasoli
25 Februari 2024

Baba Lucy,

Tumetengwa.

Kikundi kilikuja Jumatatu, watu ishirini na majembe yao. Nilikuwa nimepika uji wa sufuria mbili. Walifika mpakani mwa shamba letu wakasimama. Anatoli akatoa barua yako mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kisha wakageuka wote wakaenda kupalilia shamba la jirani, wakipita kando ya kilambo chetu cha maji kama wanapita kaburini. Nikamwita Elina kwa jina. Elina, ambaye nilimzalisha mtoto wake wa pili kwa mikono yangu! Hakugeuka.

Jioni filimbi ikapigwa. Kumbe dagashida ilikaa Jumapili, mkutano mzima wa kitongoji, sisi hatukuitwa. Salu alisimama njiani, mbali na mlango, akasema maneno haya tu: "Nyumba inayopeleka siri za kitongoji kwa wageni, ikae na wageni wake." Akaondoka. Tangu hapo hakuna aliyetusemesha. Anayetengwa haelezwi zaidi ya hapo, kwa sababu kumweleza ni kuongea naye.

Hatupewi moto. Pampu ya maji nikifika wanawake wanasogea mpaka nimalize. Simu hakuna wa kunichajia. Lucy anakaa dawati peke yake, na mwalimu hana la kufanya, watoto wenyewe wanainuka. Hanif ananipitishia barua zako mlango wa nyuma. Aliniambia, "Shemeji, mimi si wa dagashida yenu. Ila wateja wangu wote ni wa dagashida yenu."

Nimekaa nikafikiri, nani kasema? Nyumba hii haikusema. Mboje haongei hata na kuku. Amebaki yule Joyness. Ni Msukuma, ana ndugu hadi huku, alikunywa soda na Salu baada ya semina, niliwaona kwa macho yangu. Wewe unaonaje?

Mektilda

—

Inyonga
17 Machi 2024

Mama Lucy,

Nimesikitika sana. Sijalala vizuri tangu nipate barua yako.

Unauliza naonaje. Naona ni huyo binti. Watu wa semina hawana siri, wanalipwa kwa kusema. Leo wanakaa nawe, kesho wanakaa na Salu, kote wanakunywa soda. Usimwamini tena.

Ukae kimya, usibishane na mtu. Dagashida huwa inachoka, hakuna jambo lisilochoka. Siwezi kutoka sasa, mkataba wa kazi unafika Agosti na anayeondoka kabla anapoteza nafasi.

Msalimie mayu. Usimwambie sana mambo haya.

Luhaga

—

Njia ya Kasoli
14 Aprili 2024

Baba Lucy,

Nimefuata ulivyosema, na sasa nataka ujue nilivyofuata.

Jumatano Joyness alikuja na gari la mradi. Alikuwa na karatasi ya daktari wa Mwanza na siku ya Mboje imeshaandikwa. Akasema gari litampeleka, litamrudisha, na njiani wataandika maelezo yake mwenyewe ili lalamiko lipande ngazi ya mkoa. Akasimama hapo uani akanisalimia Kisukuma, na ilikuwa karibu miezi miwili sijasalimiwa na mtu mzima. Karibu nilie.

Badala yake nikamwambia, "Umekuja kuchukua nini tena? Ulimi mmoja niliokuwa nao ulishauchukua."

"Dada, mimi sikusema."

"Basi nani? Jogoo?"

Akafungua daftari lake anionyeshe. Kweli jina langu halimo, imeandikwa "mwanamke wa nne". Nikamwambia kinywa hakihitaji daftari. Akasema, "Tafadhali, usiniadhibu mimi kwa mkono wa shemeji yako. Daktari anasema ni wiki, si miezi."

Mboje alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani. Vifungo alifungiwa na mayu. Nikamwambia, "Ukipanda gari hilo tutatengwa mpaka kizazi cha Lucy, na mimi usinihesabu shemeji yako." Akaangalia gari. Akaangalia mkono wake. Akaingia ndani akavua shati.

Joyness alikaa kwenye gari muda mrefu ndipo likaondoka.

Nimefanya sawa? Wewe uliniambia nisimwamini. Mboje hajanisemesha tangu siku ile, kwa hiyo sasa nimetengwa hadi ndani ya nyumba. Majani yameimeza pamba. Mayu sasa haamki tena kitandani.

Mektilda

—

Inyonga
3 Mei 2024

Mama Lucy,

Nakuandikia haraka, bowza linaondoka. Mtafute yule Joyness. Nenda Bariadi mjini kwa miguu ikibidi, uliza ofisi ya mradi, mwambie Mboje yuko tayari. Aende Mwanza wiki hiihii.

Pengine binti yule hana kosa. Mimi nikiwa na hasira huwa nasema ovyo, unanijua. Usiniulize sana kwenye barua, nitakueleza nikija. Fanya tu.

Mwambie Mboje kaka yake amesema aende.

Luhaga

—

Njia ya Kasoli
26 Mei 2024

Luhaga,

Mama yako amefariki. Ni tarehe tisa, alfajiri. Barua yako ya "fanya tu" ilifika tarehe kumi na mbili.

Nyumba iliyotengwa haichimbiwi kaburi, unajua. Tulianza kuchimba mimi na Mboje, jua likichomoza. Yeye alishika jembe kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaufunga kifuani kwa kanga ya mayu. Hadi saa nne tulikuwa tumefika magotini. Lucy alikaa ndani anamfukuzia bibi yake nzi.

Ndipo wakaja. Wanaume kumi na tano na majembe, wakasimama mpakani. Salu na Anatoli wakaingia uani, Anatoli kashika karatasi. Imeandikwa kwamba mimi Mektilda nilidanganya mbele ya wageni, kwamba Mboje hakufungwa na mtu, alianguka kwenye mkokoteni. Salu akasema taratibu, hakunifokea hata kidogo, "Mama Lucy, mama yetu asioze. Weka sahihi tuchimbe."

Nikamtazama Mboje. Alikuwa ndani ya shimo. Akasema, "Weka, shemeji." Ni neno la kwanza kuniambia tangu siku ya gari.

Nikaweka. Nilisoma hadi darasa la saba, sikuweka dole gumba, niliandika jina langu lote. Saa saba mayu alikuwa amezikwa vizuri, watu wengi, nyimbo zote zikaimbwa. Salu alitoa mbuzi.

Tarehe ishirini na mbili Joyness akaja, safari hii na ofisa mmoja wa Dodoma, na Salu kawasindikiza. Walishaipata karatasi. Ofisa akaniuliza swali moja, "Je, ulilazimishwa?" Salu kakaa kwenye kigoda mlangoni. Nikasema hapana. Akapiga muhuri kwamba lalamiko limefungwa kwa ridhaa ya mlalamikaji, jamii imesuluhisha yenyewe. Nikauliza, na daktari wa Mwanza? Akasema matibabu yalikuwa sehemu ya lalamiko, lalamiko likifungwa hakuna fungu la kumpeleka mtu. Joyness hakuniangalia. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua nianzie wapi. Daktari wa hapa Bariadi ameuona mkono, amesema vidole vitatu vimekufa.

Ofisa amefurahi sana na kitongoji chetu. Salu atapelekwa Dodoma mwezi wa saba kufundisha sungusungu wa mikoa mingine.

Sasa nisikilize. Siku ya msiba, tunasonga ugali, Elina alinisogelea. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu Februari. Akasema, "Pole, Mama Lucy. Lakini na mumeo naye! Mambo ya ndani anayaandika kwenye barua ya kikundi? Siku ile kabla ya dagashida Anatoli anasoma tu kwa sauti, tumekaa juu ya majembe yetu, mara, 'mke wangu amewaambia Wazungu na waliomfunga ndugu yangu wataitwa.' Salu kakaa pale pale! Anatoli akanyamaza katikati, lakini neno lilishatoka."

Niliendelea kusonga. Ugali uliungua na watu waliula hivyohivyo.

Nina swali moja tu. Uliponiandikia Machi kwamba ni Joyness, ulikuwa unajua?

Mektilda

—

Inyonga
12 Juni 2024

Mektilda,

Nilijua.

Barua yako ya Februari nilipofika kwenye kikundi kusimama mpakani, nilijua kabla sijafungua ukurasa wa pili. Niliiacha nikaenda kuponda mawe hadi jioni, na mtu hakuwa amenituma.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Niliandika barua ya kikundi nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Kuomba jembe ni aibu. Mtu ameondoka miaka minne, hajajenga, hana ng'ombe, halafu anaomba wenzake wakamlimie mkewe. Nilitaka waone kwamba na sisi tuna kitu. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha ila wewe. Nikaandika kwamba mke wangu amekaa na Wazungu amesema bila kuogopa. Mkono uliandika nami ninatabasamu. Nilijua itasomwa mbele ya wote, na kwa sababu hiyo niliandika. Salu sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria Anatoli na wale tuliokua pamoja, jinsi watakavyotikisa vichwa.

Halafu ukaniuliza naonaje. Ningesema wakati ule, Mboje angepanda lile gari. Nimeipiga hesabu hiyo kila usiku na jibu ni hilohilo. Nilimtupia lawama binti wa watu kwa sababu yuko mbali na mimi, na wewe uko karibu.

Mayu nimemlilia kwenye kokoto, kelele za mashine zimenisaidia.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Acha nafasi ipotee. Nitafika katikati ya Julai, kabla Salu hajaenda huko Dodoma. Nitaomba dagashida ikae. Nitasimama mbele ya wote niseme mke wangu hakudanganya, Mboje alifungwa ghalani siku mbili, na barua ni yangu. Kisha nitakwenda ofisi ya mradi niwaambie ile karatasi mliipigia muhuri juu ya maiti. Wanifanye watakavyo. Ukweli lazima usemwe na mtu hata kama umechelewa.

Luhaga

—

Njia ya Kasoli
30 Juni 2024

Luhaga,

Usije kwa hayo.

Watu wamerudi. Walikuja bila kuombwa wakatuokotea pamba iliyobaki, ni kidogo lakini iko kwenye magunia. Lucy ana mwenzake wa dawati. Naokota kuni na Elina na tunaongea mambo ya kijinga siku nzima, sikujua kama mtu anaweza kuwa na kiu ya mambo ya kijinga. Mboje anajifunza kuchunga kwa mkono wa kushoto, mzee mmoja amempa ng'ombe sita awatunze.

Vyote hivi vimesimama juu ya ile karatasi. Ukisimama pale useme sikudanganya, watakuwa hawana njia, filimbi itapigwa tena jioni hiyohiyo, na wewe utakuwa mwanaume mkweli kwa siku moja, kisha utarudi kuvunja mawe. Sisi ndio tutabaki. Kwenye ofisi ya mradi nako utawaambia nini? Sahihi ni yangu. Niliulizwa nikasema hapana.

Nilimwonyesha Mboje barua yako. Aliisoma polepole, unajua anavyosoma. Nikamuuliza, unasemaje? Akasema, "Mkono haurudi. Mwambie asitupokonye watu."

Ukweli wako tulikuwa tunauhitaji Machi. Sasa hivi ni wa kukutuliza wewe tu.

Ukitaka kuja, njoo kama mtu aliyekuja kumlilia mama yake. Watu watakaa nawe, watakupa pombe, na kuna mmoja atakuuliza kwa mzaha, wapo wanaosubiri kukuuliza, kama ni kweli mkeo aliwadanganya wageni. Utajibu ndiyo. Utajibu kwa sauti, Mboje amekaa hapohapo kando yako anasikia, na mimi nikiwa nagawa chakula.

Kama huliwezi hilo, baki huko.

Mektilda